Mchanganyiko Namba Tatu

Tarehe 3 Februari

Mama Pacha,

Leo ni mwaka mmoja, miezi miwili na siku tano tangu niondoke nyumbani. Nimehesabu kwenye kalenda ya dawa za wadudu iliyobandikwa stoo, maana kichwa changu sikiamini tena. Salamu kwako na kwa pacha wetu. Mimi mzima, ila mgongo. Barua hii anakuletea dereva wa lori la miche, yule mwenye mwanya. Anapita huko kila baada ya wiki mbili. Ukimpa jibu atalileta. Simu usihangaike nayo. Huku inashika mtu akipanda juu ya tangi la maji, na mlinzi hapandishi mtu.

Uliniambia watu wakikuuliza kazi yangu unajibu "yuko kwenye maua," na mimi ua sijawahi kulishika. Basi sikiliza ujue la kuwaambia. Tuna mabanda kumi na moja ya plastiki, marefu kiasi kwamba ukisimama mlangoni humtambui mtu aliye mwisho. Ndani ni meza, juu ya meza ni trei, kila trei ina vitundu, kila kitundu mbegu moja: nyanya, kabichi, pilipili. Miche ikitimiza wiki tano wanakuja kuichukua wenye mashamba makubwa. Mimi ni mnyweshaji wa banda la kwanza. Banda la pili ananywesha Ndevu, ninayelala naye chumba kimoja.

Sasa shughuli iko hapa. Kwenye vile vitundu hatuweki udongo wa shambani. Tangu zamani tunaweka udongo mweusi unaoletwa kwa meli, mwepesi kama pamba, unaochimbwa kwenye vinamasi vya mbali. Wanunuzi wamesema hawautaki tena. Yupo mtaalamu ameletwa, mwanamke mfupi, mizani haimtoki mkononi. Sisi tunamwita Mama Kipimo. Anasema kinamasi kile kinaongezeka unene wa ukucha kwa mwaka mzima, na sisi mfuko mmoja tunaumaliza kabla ya chai. Tena kikichimbwa kinatoa hewa inayoharibu majira. Kwa hiyo anajaribu michanganyiko mitatu isiyo na udongo huo. Mimi na Ndevu tumepewa namba tatu: nyuzi za mbao nusu, na nusu iliyobaki ni makumbi ya nazi yaliyosagwa na mboji ya majani. Mbegu zinapandwa keshokutwa, trei mia mbili kwangu, mia mbili kwake.

Meneja ametamka mbele ya watu wote. Mchanganyiko ukifaulu, mnyweshaji ambaye miche yake itashinda atakuwa msimamizi, na msimamizi anapewa nyumba ya familia. Vyumba viwili, bomba ndani. Umenielewa, mke wangu? Ya familia.

Paa linavuja bado?

Ni mimi, Baba Pacha


Tarehe 17 Februari

Baba Pacha,

Barua imefika ikiwa na alama ya kidole cha udongo kwenye kona. Pacha wameigombania kuinusa. Mkubwa anasema inanuka baba, mdogo anasema inanuka jamvi.

Umeandika habari za udongo karatasi nzima, mimi nimepata mstari mmoja, na huo ni wa paa. Paa linavuja.

Lakini pale kwenye bomba nimepasoma mpaka karatasi imelegea. Bomba lenyewe liko jikoni au bafuni? Madirisha yanatazama wapi? Shule iko mbali? Kuna mahali pa kuanika nguo bila kumwomba mtu? Nijibu moja moja, usiniambie "pazuri." Wewe kila mahali kwako ni pazuri mpaka nifike nikute popo.

Mwenye shamba alikuja kuuliza kama msimu huu tunalima au tunamwachia. Nimemwambia asubiri kidogo.

Na mimi nakwambia neno moja, usikasirike. Wewe ni mtu wa kukaribia. Ulikaribia kuwa fundi baiskeli. Ulikaribia kuwa dereva. Safari hii usikaribie, fika.

Pacha mdogo ameng'oka meno mawili ya mbele. Anaongea kama bibi yake.

Mama Pacha


Tarehe 2 Machi

Mama Pacha,

Bomba liko jikoni. Nimechungulia dirishani. Madirisha yanatazama tangi. Kamba ya nguo ipo. Popo sikuwaona, ila nilichungulia mchana.

Nina la kukuchekesha. Mbegu ziliota vizuri, banda langu na la Ndevu sawasawa. Siku ya kumi na mbili nikaona majani ya chini yanapauka. Kesho yake yote njano, kama mtu mwenye homa ya manjano. Maji nilikuwa nawapa sawa, na mchanganyiko huu si mwepesi kuuelewa: juu unakauka haraka unadhani una kiu, kumbe chini umelowa. Wengine wanatazama kwa macho wanaozesha mizizi. Mimi nanyanyua trei, mkono unaniambia. Basi maji hayakuwa na kosa. Nikawatazama wale watoto wa nyanya wanakufa wamesimama, nikaona vyumba viwili vinaondoka na bomba lake.

Nikakumbuka maboga ya mama yangu. Unakumbuka alivyokuwa anatukataza kwenda chooni asubuhi, anatupa kopo? Nilichukua kopo la rangi la lita moja, nikawa nakusanya mkojo wangu kwenye ndoo yenye kifuniko nyuma ya stoo. Wenzangu wakienda kula mchana, kopo tatu za mkojo kwa kopo thelathini za maji, nagawa kwenye trei zangu zote mia mbili. Nimefanya tarehe 18, tarehe 21, tarehe 24 na tarehe 27. Baada ya ile ya pili walianza kurudi kijani. Sasa hivi ukiwaona utadhani wamepakwa mafuta.

Mama Kipimo amewapiga picha. Za Ndevu bado njano. Jana ananiuliza, "Ndugu yangu, hawa wako unawapa nini?" Nikamwambia, "Mapenzi." Akacheka, na mimi nikacheka.

Nakuota siku hizi ukiwa unasuuza vyombo kwenye lile bomba, umenipa mgongo, ile kanga ya bluu imelegea, na mimi sifanyi haraka kukwambia imelegea. Ndiyo hivyo. Mwanamume mzima anaota vyombo.

Ni mimi


Tarehe 16 Machi

Baba Pacha,

Nimecheka mpaka jirani akaja kuuliza kama nimefiwa au nimeolewa tena. Mama yako angekuwa hai angesema mwanangu hakuishia darasa la tano bure.

Sasa funga mdomo. Usimwambie Ndevu, usimwambie dereva, usiiambie hata mito ya kitanda. Ufunguo ukiwa mkononi ndipo utanisimulia upya, nami nitacheka upya.

Mambo ya huku usiyawaze. Nayapanga mwenyewe.

Kanga ya bluu ipo.

Mkeo


Tarehe 30 Machi

Mama Pacha,

Banda la kwanza limeshinda. Mama Kipimo alipima miche urefu, unene wa shina, akaosha mizizi akaikausha akaipima na mizani yake ile. Alinishika mkono mbele ya meneja. Alikuwa karibu kulia. Ametumia miaka mitatu kutafuta mchanganyiko huu. Meneja amesimamisha udongo mweusi moja kwa moja. Tarehe 22 mabanda yote kumi na moja yamepandwa kwenye namba tatu. Kundi hili likitoka salama nitapewa ufunguo. Nimeuona, unaning'inia ofisini kwenye msumari, una kipande cha plastiki chekundu.

Sasa nikwambie ukweli, sina raha. Mabanda kumi na moja, mke wangu. Hata nikilinywa tangi lote, sina mkojo wa mabanda kumi na moja.

Najipa moyo kwamba labda zile nyuzi za kwanza zilikuwa mbovu na hizi mpya zitakuwa nzuri. Nanyanyua trei mara kumi kwa siku bila sababu. Nimevunja mpini wa toroli kwa kulisukuma kwa hasira, halafu nikalitengeneza, halafu nikalilegeza tena ili nipate cha kufanya.

Na Ndevu. Walisema mchanganyiko ni ule ule, mbegu zile zile, siku ile ile, kwa hiyo kosa ni la mnyweshaji. Amepewa barua ya onyo, amepelekwa kuosha trei. Jioni anakuja kukaa kitandani kwangu na daftari. Daftari, Mama Pacha. "Nifundishe," anasema, "nami nina watu nyumbani." Nami namfundisha. Namwambia nyanyua trei hivi, sikiliza uzito hivi. Anaandika. Ni mambo ya kweli yote, lakini si hayo.



Baba Pacha


Tarehe 13 Aprili

Baba Pacha,

Barua yako nimeisoma nimesimama, nikakaa, nikaisoma tena.

Nilikwambia napanga mambo mwenyewe. Basi haya ndiyo niliyoyapanga. Shamba nimelirudisha tangu mwezi wa tatu, na mwenyewe ameshampa mtu mwingine, ameshapanda. Kuku nimewagawa. Kitanda kikubwa amechukua dada yangu. Mwalimu wa pacha nimemwambia tunahama, na wenzao wamewaandikia kadi za kuwaaga. Nimeaga, Baba Pacha. Nimeaga mtaa mzima. Nilitaka siku utakaponiita nisiwe na sababu hata moja ya kuchelewa, kwa sababu nimechoka kulala na pacha wananipiga mateke nikidhani ni wewe.

Kwa hiyo usiniletee sasa habari za kukosa raha. Raha utaikosa ukiwa ndani ya nyumba yenye bomba. Nyamaza. Mabanda yakiwa ya njano watajua wenyewe, wana wataalamu, wana mizani. Wewe si uliajiriwa kunywesha? Umenywesha.

Ukifungua mdomo, mimi nitalima wapi?

Nilitaka kuishia hapo, dereva amesema anakunywa chai kwanza.

Huyo Ndevu ana watoto wangapi?

Mama Pacha


Tarehe 27 Aprili

Mke wangu,

Barua yako ya tarehe 13 imenikuta nimeshasema. Ningeipata kabla sijui ningefanya nini. Nakwambia hivyo kwa sababu sijawahi kukudanganya, nilichokuficha siku zote ni kidogo.

Ndevu ana watoto wanne.

Ilikuwa hivi. Siku ya kumi na mbili ilifika kama mdai. Nilifungua banda la kwanza asubuhi, njano. Nikaenda la tatu, njano. La saba, njano. Nilikimbia mpaka la kumi na moja kama mtu aliyepoteza mtoto sokoni. Njano tupu. Mama Kipimo alikuja akasimama katikati, mizani kwapani. Meneja akasema mbele yetu kwamba udongo mweusi unarudi, majaribio yamekwisha, na mtaalamu afungashe. Kisha akasema wanyweshaji wameambukizana uvivu wa Ndevu, kwa hiyo Ndevu aondoke mwisho wa mwezi awe mfano.

Ndevu alikuwa pale na brashi ya kuoshea trei. Alinitazama mimi. Si kwa ubaya. Alinitazama kama mtu anayemtazama mwalimu wake, kwamba nitamtetea.

Nilimfuata Mama Kipimo kwenye bomba la nje, anaosha viatu. Nikamwambia yote. Nilidhani atanipiga na kile kiatu. Aliacha maji yakafurika kwenye buti. Kisha akauliza, "Siku zipi?"

Nikasema, "Samahani sana, mama."

"Sikukuuliza samahani. Nimekuuliza siku zipi, na kiasi gani."

Nikamtajia kopo tatu kwa thelathini. Tarehe nikazichanganya. Akanirudisha nyuma mara tatu, akakasirika sasa kweli, kwamba nimemharibia jaribio na hata uharibifu wenyewe sikuuandika. Hapo nikakumbuka kwamba niliuandika. Niliuandika kwako.

Amenieleza, nami nakueleza kama nilivyoelewa. Mbao inaoza polepole ndani ya kitundu, na vile vijidudu vinavyoiozesha vina njaa. Vinakula kile chakula cha kufanya jani liwe kijani, anakiita naitrojeni, kabla mzizi haujafika. Mkojo wangu ulikuwa na hicho hicho. Kwa hiyo mchanganyiko si mbaya, una njaa tu, na anayetaka kuutumia lazima aushibishe kwanza. Anachohitaji kujua ni kiasi, na siku ya kuanza. Barua yangu ya tarehe 2 Machi ndiyo kipimo pekee kilichopo duniani. Tafadhali mpe dereva.

Kwa meneja tulikwenda pamoja. Nilisema mwenyewe, na kufukuzwa kwa Ndevu kukafutwa. Ufunguo umebaki kwenye msumari na mimi nimeambiwa mkataba wangu ukiisha, umeisha. Mama Kipimo aliomba nibaki mpaka jaribio lirudiwe, banda la kwanza na la pili peke yake. Alisema, "Huyu ameharibu kwa mkono, lakini mkono wenyewe ninauhitaji." Amepewa hilo moja. Akishindwa, udongo mweusi.

Ndevu nilimwambia chumbani. Alikuwa anakunja shati. Aliendelea kulikunja mpaka likawa dogo kama leso. Akasema, "Nilikuwa naandika kwenye daftari." Nikasema ndiyo. Akasema, "Ulikuwa unaniona naandika." Nikasema ndiyo. Amehamia chumba cha madereva.

Shamba, kuku, kitanda, nimevisoma vyote. 

Baba Pacha


Tarehe 11 Mei

Baba Pacha,

Barua uliyoitaka hii hapa. Sehemu ya chini nimekata kwa mkasi. Mambo ya vyombo na kanga si ya mizani ya mtu.

Wiki ya kwanza nilikukasirikia kiasi kwamba nilikataa hata kukusema vibaya kwa dada yangu, maana ningeanza nisingemaliza. Wiki ya pili nilikwenda kwa mwenye shamba. Nilijua jibu, nilikwenda tu ili miguu isikae. Shamba ni la mwenzetu mpaka msimu ujao. Kuna kipande cha mawe karibu na kijito hakuna anayekitaka. Nimekichukua. Nimeokota mawe siku sita, pacha wamenisaidia mpaka wakaanza kuyapa majina. Kitanda dada amekirudisha bila kuombwa, ila mguu mmoja sasa ni tofali.

Mtaani wanauliza, "Vipi, hamhami?" Nawaambia mume wangu amekojolea nyumba. Wanadhani ni methali.

Nikuulize, na unijibu kweli. Ulisema kwa sababu ya Ndevu, au kwa sababu ya huyo mama na miaka yake mitatu, au kwa sababu mabanda yalikuwa njano na ungegundulika tu?

Watoto wanne. Ulipaswa kuniambia mapema. Nisingekuandikia unyamaze. Au ningekuandikia, sijui. Lakini ningejua ninachokuandikia.

Mama Pacha


Tarehe 22 Juni

Mama Pacha,

Nimekaa wiki sita na barua yako bila kuijibu. Dereva alikuwa anauliza, namwambia bado. Sikutaka kukuletea tena kitu nusu.

Swali lako nimelibeba nikinywesha. Jibu ni lile la tatu, kidogo, na la Ndevu zaidi. Na kuna la nne ambalo hukuuliza. Nilikuwa nimewaza nyumba ile kwa miezi miwili, na kila nikiwaza umeingia ndani, nakuona unaniuliza siku moja, "Ndevu yuko wapi siku hizi?" Nikakosa pa kukaa hata kwenye nyumba ya kuwaza.

Jaribio limekwisha wiki iliyopita. Mama Kipimo alitumia barua yako, namaanisha yangu, kwanza kupata hesabu. Aliipeleka maabara na chupa ya mkojo wangu, alituma mtu na chupa hiyo kwenye boksi la barafu kama damu ya mgonjwa. Kisha akatengeneza mbolea ya kawaida yenye kiasi kile kile, akaichanganya na nyuzi za mbao wiki mbili kabla ya kupanda, ile njaa ishibe kabla miche haijaja. Siku ya kumi na mbili tulikuwa watu saba ndani ya banda, hakuna anayepumua. Kijani. Siku ya kumi na tatu kijani. Meneja alikuja na miwani akatafuta jani la njano kama mtu anayetafuta chawa. Alipata moja, lilikuwa limekanyagwa.

Udongo mweusi haurudi.

Usimamizi amepewa Ndevu. Mama Kipimo ndiye aliyesema. Alisema katika jaribio la kwanza kulikuwa na trei mia nne, na zilizokuwa zinasema kweli ni mia mbili za yule aliyeonywa. Angezisikiliza zile, asingepoteza miezi mitatu. Alijilaumu mwenyewe mbele ya watu, na mimi nilikuwepo. Ndevu hakucheka wala hakulia. Aliomba apewe nakala ya barua ya onyo iliyokuwa ofisini, akaichana vipande vinne, akavitia mfukoni badala ya kuvitupa.

Mkewe na watoto wamefika jana. Nilimsaidia kubeba magodoro. Hatukuongea sana. Alisema, "Shika huko," nikashika. Kwenye ngazi akasema, "Kuna daftari lile, kurasa zimebaki. Niandikie namna ya kujua trei ikiwa nzito kwa maji au nzito kwa mizizi." Nimemwandikia kurasa mbili usiku wa kuamkia leo, na mgongo wangu huu huu. Mkewe amefungua bomba mara nyingi bila sababu, anafungua na kufunga. Niliondoka hapo haraka.

Ninarudi, mke wangu. Sirudi na cheo, wala ufunguo. Nimefika karibu tena, kama ulivyosema, na safari hii nimerudi nyuma mwenyewe kwa miguu yangu. Kama utanipokea kwa maneno, nayastahili, uanze nayo tu palepale barabarani tuyamalize kabla ya kufika kwa watoto. Kipande cha mawe usikimalize peke yako, niachie upande wa kijito.

Mkataba unaisha tarehe 30. Dereva anaondoka huku Jumanne, amekubali nikae mbele. Nategemea kufika Jumatano tarehe 3 Julai, saa nane mchana, lori lisipoharibika. Likiharibika, Alhamisi.

Mumeo